Saini ya Mwalimu

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Karani alimkalisha mwanawe kwenye mkeka nyuma ya meza ya ofisi ya parokia, akampa kijiko cha mbao atafune, ndipo akawasha kompyuta. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na waumini walimwita Bosi kwa sababu haombi kitu, anaamuru. Mama yake walimwita Mama Matangazo, na jina lilimpendeza. Alikuwa amesoma darasa la jioni miaka miwili, kwanza na mimba, kisha na mtoto mgongoni, na cheti chake kilining'inia juu ya kabati la faili jirani na picha ya Askofu. Kasisi alipenda kumtania kwamba Askofu mwenyewe amesogezwa pembeni ili kukipisha.

Kazi ya Alhamisi ilikuwa karatasi ya matangazo. Siku hiyo alikwisha kuandika zamu ya usafi, darasa la kipaimara, wagonjwa wawili wa kutembelewa, na mazoezi ya kwaya yaliyosogezwa mbele kwa kuwa kiongozi wa sauti ya tatu amekwenda kung'oa jino. Alikwisha kuandika pia maandalizi ya ziara ya Askofu, mistari saba mizima, maana Mama Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama hakubali tangazo lake liwe fupi kuliko la wanaume. Lililobaki lilikuwa la ndoa.

Kwa utaratibu wa kanisa lao, ndoa haifungwi mpaka majina ya wachumba yasomwe mbele ya watu Jumapili tatu, na watu waulizwe kama kuna mwenye pingamizi. Na kila Jumapili, aliyesoma hutia saini kwenye daftari. Ndoa iliyokuwa ikitangazwa ni ya Fundi, mshona nguo wa jirani na kanisa, na Seremala, mgane wa parokia nyingine. Karani alifungua daftari ili aandae nafasi ya tatu. Nafasi ya kwanza ilikuwa na saini ya Kasisi. Ya pili ilikuwa nyeupe kama sahani iliyorambwa.

Akaivuta karatasi ya wiki iliyopita, akaisoma kwa macho, akairudia kwa kidole. Tangazo la ndoa halikuwamo.

Ndipo akakumbuka. Alhamisi ile Bosi alikuwa na homa, anawaka kama pasi. Yeye alichukua karatasi ya zamani, akabadilisha tarehe, akapachika hili na lile, akachapa na kukimbilia zahanati. Na Kasisi Jumapili hiyo alikuwa kanisa dogo la ng'ambo. Aliyeongoza ibada ni Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi na msomaji wa parokia, ambaye husoma alichopewa neno kwa neno, hata ukimpa orodha ya sokoni.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kabla yake Jumapili ilibaki moja. Hesabu hiyo haikuhitaji cheti: zilitakiwa tatu, zingepatikana mbili.

"Hodi humu! Bosi yupo?"

Ilikuwa sauti ya Fundi. Karani akalifunga daftari haraka, kama mtu aliyekutwa na mkono chunguni.

"Bosi yupo, dada. Karibu."

Fundi aliingia na kitambaa cha meza ya Bwana alichokuwa amekitia upindo mpya. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye sindano mbili daima kwenye ukosi wa blauzi. Habari yake ya zamani kila mtu aliijua. Miaka kumi na mitano nyuma alitangazwa na mwanamume mwingine. Mara ya kwanza salama, ya pili salama. Mara ya tatu mwanamke mmoja alisimama benchi la nyuma na mtoto kiunoni, akasema, "Huyo ni mume wangu." Tangu siku ile Fundi alishona magauni ya harusi za wenzake, tena mazuri, akanyamaza.

"Umeshaiandika ya tatu?" aliuliza, akimtekenya Bosi shingoni.

"Ndiyo naiandika."

"Iandike kwa herufi zinazoonekana. Mimi siji kusikiliza, hata hizo mbili sikuja. Nakaa kwangu nakanyaga cherehani, hata kama haina uzi. Ikishapita ya tatu ndipo nitapumua." Akacheka. "Magauni ya watu nimeshona mpaka vidole vimeota sugu. Hili langu nalishona nimefunga mlango, mwenzio, kama mwizi."

Karani alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi.

"Litakupendeza, dada," alisema.

Fundi hajafika hata getini, Kasisi akachungulia dirishani. "Karani, daftari la ndoa liko sawa? Nisije kuumbuka mbele ya kasisi wa wenzetu."

"Liko sawa, Baba."

Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Kasisi akaenda zake. Karani akabaki anakitazama cheti chake ukutani, na kwa mara ya kwanza akatamani kukigeuza kiangalie ukuta.

*

Kesho yake mchana alikwenda kwa Mwalimu, Bosi mgongoni, daftari kwapani. Njiani alijipangia maneno: kosa ni dogo, hakuna atakayeumia, Fundi ameteseka vya kutosha. Mtu akitaka kuteleza, huanza kwa kusifu matope.

Mwalimu aliishi peke yake tangu mkewe afariki. Nyumba ilikuwa safi, na kila mahali palikuwa na vikaratasi vilivyobandikwa na bintiye anayekaa mji wa mbali na kumtaka ahamie kwake: ZIMA JIKO. FUNGUO HAPA. DAWA BAADA YA CHAI.

"Usivijali hivyo," Mwalimu alimwambia, alipomwona anavisoma. "Mwanangu anadhani nimekuwa chungio. Siku moja tu niliunguza sufuria! Moja! Yeye alipokuwa msichana aliunguza ngapi? Mbona sikumbandika karatasi usoni?"

Karani akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

"Mwalimu, nimekuja na daftari. Jumapili ile uliyoongoza, ulisahau kutia saini kwenye tangazo la Fundi."

Mzee akalipokea daftari, akalisogeza kwenye mwanga. "Nilisoma tangazo la Fundi?"

Hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na Karani aliuona.

"Ulisoma, Mwalimu."

"Ajabu." Alilitazama lile jina kwa muda. "Fundi nimemfundisha mimi mwenyewe kuandika jina hili. Ningelisoma ningelisikia moyoni." Akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu, lakini tabasamu halikufika popote. "Basi, kama unasema nilisoma, nilisoma. Wewe ndiye mwenye kumbukumbu, mwanangu. Sisi wengine tunaazima."

Akatia saini. Mwandiko ulikuwa ule wa ubaoni, umenyooka, kila herufi imekaa kama mtoto aliyefunzwa adabu. Karani akashukuru kupita kiasi, akakataa chai, akatoka upesi.

*

Jumapili Kasisi alisoma: "Mara ya tatu na ya mwisho." Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyesimama. Karani, kwenye benchi lake kando ya nguzo, akatoa pumzi kama aliyekuwa chini ya maji.

Pumzi hiyo haikudumu. Nje, watu wakipeana mikono, Mama Mwenyekiti alipaza sauti yake, ambayo hata ikinong'ona husikika barabarani.

"Jamani, mara ya tatu? Mbona ya pili mimi sikuisikia? Nilikuwa benchi la mbele, na masikio ninayo haya mawili."

"Labda ulisinzia, mama," alisema mmoja wa wanakwaya.

"Nisinzie mimi? Nilikuwa nalinda kofia yangu isikaliwe! Mwalimu, hebu sema. Ulisoma?"

Mwalimu alikuwa katikati ya uwanja, joho lake na skafu yake ya buluu ya wasomaji mkononi. Karani alimwona akimtafuta kwa macho kati ya watu. Akainama kumfunga Bosi kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Nilisoma," Mwalimu alisema. "Nimetia saini."

"Hukusoma, Mwalimu," mwanakwaya alisema, bila ubaya. "Mimi nilikuwa nangoja liishe nianzishe wimbo. Ulitoka usafi wa kanisa ukaingia wagonjwa."

"Basi alilisoma nyumbani kwake!" mtu akatania, na watu wakacheka kile kicheko cha Jumapili, kisicho na sumu. Mwalimu naye akacheka. Kisha akalikunja joho lake, akalikunjua, akalikunja tena, kana kwamba amesahau linavyokunjwa.

*

Jumatano Mwalimu alikuja ofisini. Kasisi alikuwa hajarudi kutoka mazishini. Mzee alivua kofia, akamsalimia Bosi kwanza, akaweka juu ya meza kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Mwanangu, nina kazi kidogo ya kuchapa. Macho yangu na ile mashine havielewani."

"Sema tu, Mwalimu."

"Andika. Kwa Kasisi na Baraza la Parokia." Alisimama wima, mikono nyuma, kama anayetoa imla. "Mimi, msomaji wenu kwa miaka ishirini na sita, naomba kupumzika utumishi huu. Nukta. Kumbukumbu yangu imeanza kunitoka. Nukta. Nimetia saini jambo nisilokumbuka kulitenda, na walionisikia wanasema sikulitenda. Umeandika?"

"Naandika."

"Mtu wa namna hiyo hafai kusimama mbele ya watu. Narudisha joho na skafu." Akakigusa kile kifurushi. "Halafu, kwenye karatasi ya Jumapili, weka kifupi tu kwamba Mwalimu amepumzika, watu wasiulizeulize. Na nyumba nitaifunga mwisho wa mwezi. Nimempigia binti yangu. Nimemwambia umeshinda, njoo unichukue."

Vidole vya Karani vilisimama. Kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa meusi na makubwa: *imeanza kunitoka*. Yeye ndiye aliyeyaandika, bila kosa hata moja, kama alivyofundishwa.

"Mbona umeacha?" Mwalimu aliuliza. "Nakwenda haraka?"

"Hukusoma, Mwalimu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Hukusoma kwa sababu sikuliandika. Mimi ndiye niliyelisahau. Nilikuja kwako nikakudanganya ili usaini."

Mzee alimtazama kwa upole mkubwa, upole ambao ulimchoma kuliko kofi. "Asante, mwanangu. Una moyo mwema. Lakini usijitwike mzigo wa mtu mzima ili kumfariji. Nimeshakubali."

Hakumwamini. Karani alikuwa amejiandaa kwa hasira, machozi, hata laana. Hakuwa amejiandaa kushukuriwa. Alinyanyuka, akapekua faili, akatoa karatasi ya Jumapili ile, akaiweka mbele yake.

"Isome, Mwalimu. Tafadhali. Herufi kwa herufi."

Mwalimu akavaa miwani. Alisoma kuanzia tarehe ya juu mpaka jina la mpiga kinanda chini kabisa. Akaigeuza nyuma, palikuwa patupu. Akaisoma tena. Bosi alikuwa akigonga kijiko sakafuni.

Hatimaye alikaa. Alipozungumza, ilikuwa sauti ambayo Karani hakuwahi kuisikia, ingawa watu wazima wengi wa mtaa ule waliijua vizuri tangu darasani.

"Siku tatu. Unajua nilichokuwa nikifanya siku hizi tatu? Nilikuwa nikitaja wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kazini. Mmoja mmoja, kwa madawati, nione nani amepotea. Walikuwa arobaini na wanne. Nimewapata arobaini na mmoja." Akavua miwani. "Hao watatu nimewalilia. Mzee mzima. Nilidhani ndio wa kwanza kuondoka, na wengine watafuata, mpaka siku nitasahau jina la mama watoto."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ngoja kwanza. Kichwa changu ni kizima?"

"Ni kizima."

"Sema tena."

"Kichwa chako ni kizima, Mwalimu. Kilichooza ni changu."

Mzee akacheka ghafla, machozi yakimshuka, akajipiga kipaji cha uso kwa kiganja kama mtu anayepima tikiti. Kisha kicheko kikakatika.

"Futa barua hiyo. Andika nyingine, ya karatasi ya Jumapili. Na hii sitoi imla. Unajua mwenyewe cha kuandika."

*

Kasisi hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisikiliza amesimama, bado na vumbi la makaburini kwenye viatu.

"Ungeniambia Alhamisi ileile," alisema, "ningeandika barua moja kwa Askofu. Yeye ana mamlaka ya kutoa kibali ndoa ifungwe bila matangazo kutimia. Kosa la kusahau lina dawa, Karani. Wewe umelinywesha sumu, tena kwa kikombe cha mtu mwingine." Akafungua daftari, akaitazama ile saini nzuri ya uongo. "Barua nitaiandika sasa hivi. Lakini kwa Fundi utakwenda wewe."

Karani alimkuta Fundi amefunga mlango. Alipofunguliwa, gauni lilikuwa limetandazwa kitandani, rangi ya maziwa, limebaki upindo. Fundi alikuwa na pini mdomoni, na alizitoa moja moja, akizichoma kwenye mto mdogo, huku Karani akisema. Alisema yote, kuanzia homa ya mtoto hadi barua ya Mwalimu. Alipomaliza, pini zilikuwa zimekwisha na mikono ya Fundi haikuwa na cha kufanya.

"Kwa hiyo Jumapili," alisema polepole, "waliposema ya tatu, ilikuwa ya pili."

"Ndiyo, dada. Lakini Baba anaandika kibali. Jumamosi iko palepale. Mimi mwenyewe nitakipeleka, nitalala mlangoni kwa Askofu kama..."

"Sikitaki."

"Dada..."

"Nimesema sikitaki kibali. Unajua watu watasema nini? Watasema Fundi ameona ya tatu inakuja akapita mlango wa nyuma. Miaka kumi na mitano wananihurumia. Kila bibi harusi ninayempima kifua ananiangalia hivi," akainamisha kichwa upande, kwa macho ya huruma, na Karani akashusha macho kwa kuwa hata yeye alipopimwa gauni lake aliangalia vivyo hivyo. "Nataka isomwe. Mara tatu, zikihesabika. Na hiyo ya tatu safari hii nitakuwepo, nimekaa, nione nani atasimama."

"Basi harusi..."

"Harusi itasogea wiki. Na mimi siendi kumwambia mtu. Wageni wangu ni nyumba thelathini na moja. Utapita wewe, kwa miguu yako, na usiseme kumetokea dharura. Waambie kilichotokea."

Akapita. Siku mbili na nusu, Bosi mgongoni, jua utosini, mlango baada ya mlango. Alidhani kusema mara ya kumi kungekuwa rahisi kuliko ya kwanza. Haikuwa hivyo, kila mlango ulikuwa na uso wake. Wengine walisema pole kabla hajamaliza, na pole zao zilimpa haya zaidi. Mama wa Seremala alimsikiliza, akamwuliza umri wake, akafunga mlango taratibu. Mama Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Nilisema masikio ninayo," alisema. Halafu, baada ya kumkodolea macho: "Na yule mzee nilimwumbua mbele ya watu. Nami nina mlango wa kwenda kubisha, basi. Umenywa maji?"

*

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida. Habari ina miguu kuliko gari. Fundi alikaa benchi la kwanza, mgongo umenyooka, Seremala kando yake akishika kofia kwa mikono miwili. Mwalimu alivaa joho lake na skafu ya buluu. Binti yake alikuwa amefika Ijumaa na mabegi mawili matupu ya kubebea vitu. Naye alikuwepo, akimwangalia baba yake kama mtu anayengoja sahani ianguke.

Mwalimu alisoma matangazo. Usafi. Kipaimara. Mistari saba ya ziara ya Askofu, bila kuruka hata mmoja. Kisha akafika chini, akaishusha karatasi.

"Tangazo linalofuata lina mwenyewe," alisema. "Mwenyewe atalipa sauti."

Karani hakuwa ametarajia hilo. Alinyanyuka na Bosi kiunoni, maana hakupata wa kumpa, na njia kati ya mabenchi ikawa ndefu kama safari. Alipogeuka aliziona nyuso zote pamoja, zile za milango thelathini na moja na nyingine nyingi. Alisoma. Yalikuwa mambo matatu: kwamba tangazo la ndoa halikusomwa Jumapili ile, kwamba yeye ndiye aliyelisahau, na kwamba alimdanganya Mwalimu asaini, wala Mwalimu hakusahau lolote. Sauti ilimkatika kwenye neno *nilimdanganya*, akalirudia ili lisikike. Bosi akatumia ukimya huo kuamuru jambo kwa lugha yake, kwa sauti kuu, na hakuna aliyecheka.

Alirudi kukaa. Miguu ilijua njia, yeye hakujua.

Ndipo Mwalimu akaliinua daftari, akayasoma majina mawili, polepole, kama mtu anayeyaandika ubaoni. "Hii ni mara ya tatu. Kama yupo mwenye kujua kizuizi, aseme." Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko Kasisi anavyongoja. Benchi moja lililia nyuma, na mabega ya Fundi yakapanda; alikuwa mzee mmoja tu anahamisha mguu. Mabega hayakushuka mpaka Mwalimu aliposema, "Hakuna," na kukaa, na binti yake akafuta macho kwa ukingo wa kitambaa.

Ibada ilipokwisha, Karani alibaki kwenye benchi lake akijifanya anapanga vitabu vya nyimbo, ili watu wote watangulie. Viatu vya mtu vikasimama mbele yake. Alikuwa Fundi. Hakumtekenya Bosi. Alimtazama Karani bila kuinamisha kichwa upande.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukaambiwa nimekusamehe."

"Ndiyo, dada."

"Lakini Jumamosi uje. Na usijifiche kwenye nguzo. Ukae mbele, nikuone."

"Nitakuja, dada."

Fundi akaenda zake kwenye mwanga wa mlangoni, Seremala akimngoja. Karani alikaa kidogo, uso bado unamwaka, kisha akampandisha mtoto mgongoni na kuanza kukusanya vitabu, kuanzia benchi la nyuma kwenda mbele.